Umbali wa Soko na Kazi ya Shamba

Mkulima wa Kinangop huweza kuuliza: "Mwenzangu wa Kiambu huuza mboga kila siku akapata faida. Mimi nikifanya vivyo hivyo napata hasara. Je, udongo wangu ni mbaya?" La, udongo si mbaya. Shida ni njia.

Mwaka wa 1826 mkulima mmoja wa Ujerumani, Johann Heinrich von Thünen, aliyekuwa na shamba huko Tellow, alitoa kitabu cha kueleza jambo hili. Alionyesha ya kuwa karibu na mji hufaa mboga na maziwa, maana huharibika upesi. Kisha hufuata msitu wa kuni, maana kuni ni nzito. Mbele yake ni nafaka, na mwisho kabisa ni mifugo, kwa kuwa siku zile ng'ombe alijipeleka sokoni kwa miguu yake.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme kuchukua kilo 100 mpaka mjini ni shilingi 500. Kama kabichi za uzito huo zauzwa shilingi 1,500, gari limekula theluthi moja. Kama ni maharagwe makavu ya shilingi 10,000, gari limekula sehemu moja tu katika 20. Gari ni lile lile, na njia ni ile ile.

Kwa hiyo aliye mbali na apunguze uzito na kuzuia kuoza. Pareto hukaushwa kwanza. Lita 20 za maziwa au zaidi hutoa kilo moja tu ya siagi, na maziwa yaliyotolewa malai hunywesha ndama na nguruwe.

Umbali hugeuza pia kazi za watu. Karibu na mji vijana hufuata mshahara, na kibarua wa shamba huwa ghali. Mbali na mji mikono ipo, lakini fedha ni chache.

Basi, kabla ya kupanda, jiulize mambo matatu: Zao hili lina uzito gani? Litakaa siku ngapi bila kuoza? Mvua ikiharibu barabara, nitafanyaje? Shirikianeni katika gari moja na tangi moja la kupozea maziwa. Kilomita hazitapungua, lakini gharama itapungua. Anayedaiwa fedha za ardhi hawezi kulipa deni kwa kabichi zilizooza njiani.