Gunia moja, mtoi mmoja: Kwa nini ulime bustani na mwanao hata kama unaishi kwa ploti

UKIMUULIZA mtoto wa miaka mitatu anayelelewa Pipeline, Zimmerman au Kayole sukuma wiki hutoka wapi, atakujibu bila kufikiri: kwa mama mboga. Na hajakosea. Huko ndiko anakoiona kila jioni, imeshakatwakatwa, ikitiwa kwenye mfuko pamoja na nyanya mbili na kitunguu. Hajawahi kuiona ikiwa na mizizi.

Pengine wewe ulibahatika. Ulikulia ushago, au angalau ulipelekwa huko kila Desemba, na shosho akakutuma uchume kunde kabla ya jua kuwa kali. Ulijua udongo uliolowa unavyonuka kabla hujajua kuandika jina lako. Mtoi wako anaijua saruji, anaijua ngazi ya orofa ya nne, na anajua kufungua simu yako hata ukibadilisha nambari ya siri.

Makala haya hayakuja kukulaumu. Yamekuja na pendekezo moja dogo: tafuta gunia, lijaze udongo, ulime na mtoto wako. Ukiwa na kauwanja nyuma ya nyumba, heri zaidi. Ukiwa na veranda ya hatua mbili tu, bado inatosha.

Hebu tupige hesabu

Unatoka kazini saa kumi na moja. Jam inakumeza, mvua ikinyesha nauli inapanda, na unaingia kwa keja saa mbili usiku mtoto akiwa amesinzia. Asubuhi unaondoka kabla hajaamka vizuri. Kutoka Jumatatu hadi Ijumaa, muda ambao nyote wawili mko macho, nyumba moja, pengine haufiki saa moja kwa siku. Wikendi nayo ina kufua, kanisa au msikiti, chama na mazishi ya mtu. Mtoto anapewa simu atulie.

Bustani haitakuongezea saa. Kitu inachofanya ni kukupa kazi ambayo wewe na mtoto wa miaka mitatu mnaweza kuifanya pamoja bila mmoja wenu kuboeka. Na kazi za namna hiyo ni chache. Kandanda mtachezea wapi, kama uwanja umegeuzwa maegesho? Vibonzo vyake utavumilia dakika ngapi? Lakini kumwagilia mmea, kuvizia kiwavi, kuhesabu majani mapya, hayo hata mtu mzima huyafanya akasahau simu yake mezani.

Kuna wazazi vijana ambao hali yao ni ngumu zaidi. Wewe na mamake mtoto hamuishi pamoja, na unampata Jumamosi tu. Unamnunulia chipsi, unampeleka kwa bembea, unamrudisha jioni, na kati ya Jumamosi hizo mbili hakuna jambo lenu la kuzungumzia. Ukipiga simu Jumatano anasema “sawa”, “ndio”, kisha anakimbilia mambo yake. Sasa pandeni kunde Jumamosi hii. Jumatano ukipiga utasikia swali lake kabla hujamaliza salamu: imetoka? Utalazimika kutoka nje uangalie, umweleze ni ngapi zimechomoza na ngapi bado. Hapo mna mazungumzo, na ana sababu ya kungoja siku yenu.

Huhitaji shamba

Kilimo cha gunia si jambo geni Nairobi. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007/2008, bei ya chakula ilipopanda, magunia ya sukuma na spinachi yalionekana sana Kibra na Mathare, mlangoni mwa nyumba za mabati. Mwaka wa 2020, wakati wa korona, serikali nayo ilianzisha mpango wa bustani milioni moja za nyumbani.

Namna ya kuliunda ni rahisi, na mtoto ana kazi katika kila hatua. Tafuta gunia kuukuu la mahindi au viazi. Changanya debe mbili za udongo na debe moja ya samadi iliyooza vizuri. Chukua mkebe mkubwa uliotolewa vitako vyote viwili, uusimamishe katikati ya gunia, uujaze kokoto, kisha ujaze udongo kuuzunguka. Uvute mkebe juu, ujaze tena kokoto, zungushia tena udongo, hadi gunia lijae. Mawe yale ya katikati ndiyo yanayopeleka maji hadi chini. Bila hayo, juu kutakuwa matope na chini vumbi. Halafu toboa matundu ubavuni, upandikize miche humo, na mingine juu. Gunia moja kubwa hubeba miche 20 hadi 40.

Kuokota kokoto ni kazi ya mtoto. Mpe kopo, umwambie alijaze. Atachukua nusu saa kwa kazi ambayo wewe ungeimaliza kwa dakika mbili, na nusu saa hiyo ndiyo uliyoitafuta wiki nzima.

Tahadhari moja: gunia lililolowa maji ni zito ajabu. Usilipandishe kwenye veranda ya orofa ya tatu. Huko tumia ndoo zilizopasuka, karai kuukuu au mitungi ya lita 20 iliyokatwa ubavuni, zote zikiwa na matundu chini. Makopo ya rangi uyaache. Na kabla ya chochote, ongea na landilodi au keateka. Ni afadhali akuambie “weka pale kando” kuliko urudi jioni upate bustani ya mtoto imetupwa kwa takataka.

Anza na mbegu zinazojibu haraka

Mtoto hana subira, na hana sababu ya kuwa nayo. Kwake kesho ni mbali, na mwezi ujao haupo kabisa. Ukianza na sukuma ya mbegu, ambayo hukaa kitaluni wiki nne hadi sita kisha ingoje tena wiki kadhaa kabla ya kuchumwa, atakuwa ameshasahau. Kwa hiyo mpangie ushindi mdogo mdogo.

Ushindi wa kwanza ni wa siku chache. Usitupe kile kikia cha kitunguu cha majani chenye mizizi. Kisimamishe ndani ya glasi yenye maji kidogo, dirishani. Baada ya siku moja mbili utaona kijani kipya kikichomoza. Kwa mtoto, huu ni uchawi mtupu.

Ushindi wa pili ni wa wiki moja. Maharagwe na kunde huchipua kwa siku tano hadi kumi, na mbegu zake ni kubwa, zinashikika na vidole vidogo. Toboeni shimo kwa kidole chake: kina cha kidole hadi kiungo cha pili, basi. Mbegu moja, shimo moja. Hapo tayari mnahesabu, na hakuna aliyesema “sasa tusome”.

Ushindi wa tatu ni wa mwezi. Terere na majani ya kunde huwa tayari kuliwa baada ya wiki tatu au nne. Dania huchukua zaidi kidogo, wiki sita hivi, lakini ina kazi tamu mwanzoni: ile punje ya duara ina mbegu mbili ndani, na inafaa kupasuliwa kabla ya kupandwa. Mpe chupa aiviringishe juu ya punje hizo hadi zipasuke. Jikoni kutanuka vizuri siku nzima.

Kwa sukuma na spinachi, nunua miche iliyo tayari. Hakuna atakayekuuliza.

Usishangae ukimkuta anafukua mbegu kuangalia kama zimeota. Hata Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka wa 1977 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani 2004, alifanya vivyo hivyo. Katika kitabu chake Unbowed anasimulia jinsi mamake alivyompa kipande kidogo cha kulima ndani ya shamba lake huko Nyeri, naye akawa anafukua mbegu zake kuzichungulia. Mamake alimweleza kwamba mbegu zifunikwe, ziachwe zifanye kazi yake zenyewe, zitatoka. Hakumpokonya kipande chake. Na wewe usimpokonye. Panda mbegu chache za ziada mahali pengine, zile za “kuchungulia”, aone mzizi unavyoteremka na shina linavyojikunja.

Kazi kwa umri

Wa miaka miwili anaweza kumwagilia. Mtengenezee chupa ya plastiki iliyotobolewa matundu kwenye kifuniko. Akitumia mtungi atang’oa miche kwa maji. Wa miaka mitatu na minne anapanda mbegu kubwa, anaokota majani makavu, anawinda viwavi. Wa miaka mitano na sita anaweza kupima urefu wa mmea kwa uzi, kuandika jina lake kwenye kijiti na kuchagua jani lililokomaa. Katika mtaala wa CBC, somo la kilimo humngoja hadi Gredi ya 4. Mwanao wa PP1 atakuwa amelitangulia kwa miaka kadhaa.

Maji ya mgao yasikutishe. Maji uliyooshea mboga au mchele yanafaa. Ya sabuni nyingi yaache, na ya mtaro wa majitaka usiyaguse kamwe, hata wengine wakikuambia mboga hunawiri hapo. Huyo ni mtoto wako atakayezila.

Wadudu nao ni nusu ya raha. Viwavi mnaviokota kwa mkono. Vidukari, wale wadudu wadogo wanaojibana chini ya majani ya sukuma, mnawaosha kwa maji yenye sabuni kidogo, kisha mnasuuza jani. Dawa za dukani hazina haja kwa gunia moja, na hazifai kukaa karibu na mtoto.

Kuna mambo mengine matatu ya kukaa macho. Mbegu za agroveti zilizopakwa rangi nyangavu zimetiwa dawa, kwa hiyo hizo panda wewe. Maharagwe mabichi huishia puani, na yakilowa huko huvimba. Ukimpa mbili, hakikisha umeziona mbili zikiingia shimoni. Na mkimaliza, mikono ioshwe kwa sabuni, hasa mkigusa samadi. Funika udongo ulio wazi kwa vijiti pia, la sivyo paka wa jirani atajua ameletewa choo.

Mmea ukifa

Utakufa, tena bila kukuonya. Mtaenda ushago siku tatu, mrudi mkute dania imekauka. Kuku wa jirani atapitia terere. Au mtoto mwenyewe atamwagilia mche mmoja kwa mapenzi mengi hadi uoze.

Hapo usikimbilie kuubadilisha usiku akiwa amelala. Mwonyeshe. Mwambie umekufa kwa sababu ulikosa maji, au umeyapata kupita kiasi. Ung’oeni pamoja, muutie kwenye mboji, mpande mwingine. Atauliza kama shosho pia ataota tena akizikwa. Swali hilo huja, na halina jibu la haraka. Lakini ni vyema akuulize wewe, mmechuchumaa kando ya gunia, kuliko aliweke moyoni hadi siku msiba utakapobisha hodi.

Usitarajie bili kushuka

Tuambiane ukweli. Gunia moja halitakutoa kwa mama mboga. Utaokoa sukuma ya mbao hapa na pale, na dania ya kupamba githeri. Asiyekuwa na kauwanja ka kutosha asidanganywe kwamba atalisha familia kwa ndoo tatu.

Faida itaonekana mezani kwa njia nyingine. Mtoto anayesukuma sahani ya managu kando huwa mtu tofauti akiambiwa haya ni yale uliyoyapanda wewe. Atayaonja. Pengine ataonja jani moja tu, tena atalila bichi akiwa amesimama, kabla halijafika kwa sufuria. Usimlazimishe amalize. Mwache amgawie jirani, amwambie kila anayepita ngazini kwamba ana shamba. Kwake ni shamba kweli.

Na kodi ikipanda mhame, gunia hilo mtalipunguza udongo, mlipakie kwenye pikap pamoja na godoro na mtungi wa gesi. Vitu vichache sana vya mtoto wa kukodi nyumba humfuata vikiwa hai.

Mvua za masika huanza Machi, za vuli Oktoba. Lakini kwa gunia moja huhitaji kungoja mvua. Jumamosi hii, ukitoka sokoni, omba gunia kuukuu kwa muuza viazi, nunua samadi kidogo, na miche kumi ya sukuma. Mtoto abebe miche. Baadhi itavunjika njiani, ndiyo maana tumesema kumi.