Vua Pete Kabla ya Kuingiza Mkono



Jumapili moja, saa nane ya mchana, waliniita dispanseri. Mwenzetu mmoja wa garaji alikuwa amekaa kwenye benchi, mkono wake wa kushoto ndani ya beseni la maji, bibi yake pembeni akishikilia beseni. Hakulia. Alisema tu: «Munganga, ni pete.»

Nilipoutoa mkono majini niliona kidole cha pete kimeungua duara nzima. Ngozi ilikuwa nyeupe na kavu, na kidole kilianza kuvimba juu na chini ya pete. Nikamwuliza kama panauma. Akajibu kwamba pembeni panauma sana, lakini pale penyewe pa pete hasikii kitu. Watu waliokuwa mlangoni wakafurahi kusikia hivyo. Mimi sikufurahi. Fahamuni ya kuwa moto ukichoma ngozi ya juu tu, mtu anapiga kelele. Ukifika chini kabisa unaua hata mishipa ya kusikia maumivu. Kidonda cheupe, kikavu, kisichouma, ndicho kibaya zaidi.

Nikaikata pete kwa msumeno mdogo, tukafunika kidole kwa kitambaa safi, na kesho yake asubuhi tukampeleka hospitali Kasongo.

Sasa, alikuwa anafanya nini? Alikuwa Wamaza, nyumbani kwa mjomba wake, akitoa dimareri ya jeepu ya zamani ya askari. Gari hilo wengi wenu mnalijua, limelala chini ya mwembe miaka mingi. Ni Willys, jamii ya zile zilizotengenezwa Marekani na Willys-Overland na Ford tangu 1941 hadi 1945, zaidi ya 600,000, kwa ajili ya vita. Vita ilipokwisha zikasambaa dunia nzima. Wazee wa Kasongo wanakumbuka pia majeshi ya mwaka 1964 yaliyotoka Kongolo kuelekea Kindu, na magari yaliyokuwa nayo. Jeepu ya mjomba ilifika kwa njia gani, kila mtu ana hadithi yake, tuache.

Mimi si fundi wa magari. Lakini kidole kilipoanza kupona nilikwenda naye Wamaza, nikamwomba anionyeshe mahali penyewe. Alifungua kapo, tukainama wote wawili.

Moteri yenyewe ni ndogo, silinda 4, lita 2,2, nguvu za farasi 60. Ukiitazama kwa juu unaona nafasi ya kutosha. Lakini vitu unavyovitafuta viko chini na nyuma ya vitu vingine. Valvu za moteri hii haziko juu kama za magari ya leo, ziko ubavuni mwa bloku, na kifuniko chake kimejificha nyuma ya bomba nene la kutolea moshi. Pompo ya mafuta ya moteri nayo imefungwa ubavuni, chini, na ndiyo inayozungusha delko iliyo upande wa pili. Fundi asiyeweka alama kabla ya kuitoa atairudisha vizuri, na gari halitawaka, na hatajua kwa nini. Hayo aliniambia yeye.

Dimareri haishiki umeme moja kwa moja kutoka batri. Waya mnene wa batri unafika kwanza kwenye swichi ya mguu, ile ambayo shofere anaikanyaga sakafuni ili kuwasha. Swichi hiyo ina umeme saa zote, hata gari limezimwa. Mwenzetu alitaka kulegeza waya hapo. Macho yake hayakuweza kufika, akaingiza mkono akipapasa. Ufunguo ulikuwa juu ya ekru yenye umeme. Pete ikaingia kati ya ufunguo na bati la gari. Basi. Alisema hakumaliza hata kuvuta pumzi.

Hapo wengi wanabisha. «Batri ya jeepu ni volti 6 tu! Unaweza kuishika kwa mikono miwili!» Ni kweli, unaweza kuishika, kwa sababu volti 6 hazina nguvu ya kupita ndani ya ngozi. Lakini dhahabu si ngozi. Batri inayoweza kuzungusha moteri nzima inatoa ampea mamia, na zote zikipita ndani ya pete nyembamba, pete inakuwa kama waya wa jiko la umeme. Mtu hapigwi na umeme. Anaungua. Batri ya volti 12 ya kamyo zetu za kazini inafanya vilevile, na saa ya mkono yenye mkanda wa chuma ni kama pete.

Kwa hiyo kabla ya kazi yote, vua pete, vua saa, halafu ondoa waya wa batri ule unaokwenda kwenye bati la gari. Huo kwanza. Ukiwa umeondoka, ufunguo ukigusa bati hakuna kitu. Ukianza na ule mwingine, na ufunguo ukateleza, umefanya kosa lilelile la mwenzetu. Kazi hii haizidi dakika mbili. Yeye aliniambia hakuifanya kwa sababu ekru ya batri ilikuwa na kutu.

Nikamwuliza pia juu ya makovu mengine ya mikono yake, maana mikono ya mafundi ninaifahamu. Akacheka, akanionyesha sanduku la funguo zake. Zote ni za milimeta, na jeepu ni ya Marekani, mabuloni yake ni ya inchi. Buloni ya nusu inchi ni milimeta 12,7, ufunguo wa 13 unaishika karibu sawa. Lakini ya inchi 7/16 ni milimeta 11,1: wa 11 hauingii, wa 12 unacheza. Ya 9/16 ni 14,3: wa 14 hauingii, wa 15 unacheza. Fundi anavuta kwa nguvu zote mahali pembamba, ufunguo unateleza, ngumi inagonga chuma chenye kutu. Hapo ndipo wateja wangu wa Jumatatu wanapotoka. Afadhali kuazima ufunguo wa inchi, wa duara, kuliko kuja kwangu kushonwa. Na buloni iliyoshikwa na kutu haitaki ubabe: isugue kwa brashi ya waya, imwagie mafuta, ilale usiku mzima.

Asithubutu mtu kumulika huko ndani kwa mshumaa au kibatari. Katika jeepu hizi tanki la esanse liko chini ya kiti cha shofere.

Kwa mama wa nyumbani nina neno lao. Magari ya zamani yana amianto katika freni, katika ambreyaji na katika viungo vya bomba la moshi. Vumbi lake halionekani vizuri, nalo linaharibu mapafu, hata baada ya miaka thelathini. Fundi asilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Apanguse kwa kitambaa chenye maji. Nguo zake zisikung'utwe ndani ya nyumba, zilowekwe peke yake, mbali na za mtoto.

Na mama yule wa beseni nataka nimsifu hapa. Jirani mmoja alileta mafuta ya mawese, mwingine dawa ya meno. Alikataa vyote, akatia mkono wa mume wake katika maji safi ya baridi, akayabadilisha yalipopata joto. Dakika ishirini za maji, ndiyo dawa ya kwanza ya moto. Laiti pete nayo ingetolewa palepale, kabla ya uvimbe, ningekuwa na kazi ndogo.

Kidole kimebaki, ila hakikunji mpaka mwisho. Dimareri ilitoka siku ile niliyokwenda, kwa saa moja na nusu, batri ikiwa imewekwa chini ya mwembe.

Pete iliyokatwa wametuachia, iko dirishani mwa dispanseri. Atakayekuja Jumatano kwa chanjo ya pepopunda ataiona. Aje na kadi yake.