Kuchora kwa Brashi Namna ya Kichina
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika shule zetu mwanafunzi huchora kwa penseli, na raba huwa karibu ya mkono wake. Mstari ukipinda, hufutwa. Wachina wana uchoraji wa wino na brashi ambao hauna raba. Doa likishaingia katika karatasi, halitoki. Napenda kuwaeleza wasomaji jinsi mtu anavyoianza kazi hii, maana wengi hudhani kuwa ni ya wenye kipawa tu.

Vyombo vyake ni vinne: brashi, wino, jiwe la kusagia wino, na karatasi. Wino wa asili si wa chupa. Hufanywa kwa masizi, kama yale ya msonobari, yaliyochanganywa na gundi ya wanyama, kisha hukaushwa ukawa kipande kigumu. Mchoraji hutia maji kidogo juu ya jiwe, akakisugua kipande hicho taratibu mpaka wino ukolee. Brashi iliyo laini ni ya manyoya ya mbuzi; iliyo ngumu kidogo ni ya manyoya ya mnyama mdogo wa jamii ya kicheche. Karatasi iliyo bora huitwa xuan, nayo hutoka wilaya ya Jing katika jimbo la Anhui. Hufanywa kwa maganda ya mti na mabua ya mpunga, na hunywa wino kama mchanga unywavyo maji. Ukisita, wino husambaa. Ukipita mbio, mstari hukauka na weupe wa karatasi huonekana ndani yake.

Kwa hiyo anayeanza hufundisha mkono kwanza. Brashi hushikwa wima, na mkono wote husogea, si vidole peke yake. Somo la mwanzo mara nyingi ni mwanzi. Kila pingili ni mvuto mmoja wa wino hafifu, kutoka chini kwenda juu: kandamiza, vuta, simama, inua. Acha nafasi ndogo, kisha anza pingili nyingine. Penye nafasi hizo hutiwa mafundo kwa wino mweusi zaidi. Majani huja mwisho: kandamiza, kisha vuta huku ukiinua brashi, mpaka mstari uishe kwa ncha kali. Jani likiwa baya usilipitie mara ya pili, maana karatasi itaonyesha. Chora jingine. Ndiyo sababu wanafunzi hurudia mwanzi ule ule mara nyingi, juu ya karatasi rahisi au magazeti ya zamani.

Tumtazame Qi Baishi, aliyezaliwa mwaka 1864 katika nyumba ya wakulima maskini jimboni Hunan. Shuleni hakukaa hata mwaka mmoja. Alijifunza useremala, akawa mchonga nakshi. Alipokuwa kijana aliazima kitabu cha mafunzo ya uchoraji, ambacho sehemu yake ya kwanza ilichapwa mwaka 1679, akawa akinakili picha zake usiku baada ya kazi. Alipofariki Beijing mwaka 1957, picha zake za kamba wa majini zilikuwa zimemjulisha ulimwenguni.

Basi, mwenye nia aweza kuanza kwa brashi yoyote yenye ncha, wino mweusi na gazeti la jana. Na achore pingili ishirini, kisha aweke ya kwanza na ya ishirini mbele ya macho yake, azilinganishe mwenyewe.