Bwawa Lisilokaa na Maji

Tuseme mtu wa Chamazi, Dar es Salaam, amechimba bwawa la perege nyuma ya nyumba, mita 10 kwa 5. Analijaza leo, kesho saa kama hiyo maji yameshuka sentimita 5. Jirani anasema ni jua. Fundi anasema piga saruji. Hakuna aliyepima.

Eneo la bwawa hilo ni mita za mraba 50, kwa hiyo kila sentimita inayoshuka ni lita 500. Sentimita 5 ni lita 2,500: ndoo 125 za lita 20. Kama hakuna anayeyachota, maji hayo yamepita juu au yamepita ardhini.

Njia ya juu ni uvukizaji, yaani maji kugeuka mvuke kwa joto na upepo. Katika ukanda wetu wa pwani, siku ya joto huchukua kama milimita 6. Kwa bwawa hili ni lita 300 hivi. Jirani ana sehemu ya ukweli.

Njia ya ardhini ni upenyaji: maji kupita katikati ya chembe za udongo. Chembe za mchanga ni kubwa na huacha nafasi. Za mfinyanzi ni ndogo mno na hubanana zikilowa. Sehemu nyingi za Mbagala na Chamazi ni mchanga. Huko Kinondoni, karibu na Wazo na Kunduchi, unaweza kukuta jiwe la matumbawe lenye matundu.

Sasa tutenganishe njia hizo mbili. Ndoo iwekwe ndani ya bwawa, jiwe ndani yake isielee, ijazwe maji hadi yalingane na ya nje, kisha zipite saa 24 zisizo na mvua. Ndoo haivuji, hivyo kinachopungua humo ni uvukizaji. Bwawa likishuka milimita 50 na ndoo 6, milimita 44 zimepenya au kuvuja.

Wapi? Hapa wengi hukosa subira na kujaza tena. Maji yaachwe yashuke. Yakisimama kwenye kimo fulani, tundu liko usawa huo: mzizi uliooza, shimo la kaa, au bomba la kutolea maji lililofukiwa bila udongo kushindiliwa. Yasiposimama, ila yakawa yanapungua polepole zaidi kila siku, sakafu yenyewe inapenyeza. Kina kikipungua, msukumo nao hupungua.

Mabondeni, kama kandokando ya Mto Msimbazi, kuna jambo la tatu. Bwawa hujaa masika na kushuka kiangazi kwa sababu linafuata usawa wa maji ya ardhini. Saruji hapo ni hatari: bwawa likikaushwa, maji ya chini huisukuma sakafu juu ikapasuka.

Kwenye mchanga mtupu ningechagua turubai zito la plastiki kabla ya saruji isiyo na nondo, ambayo hupata nyufa ardhi ikititia. Lakini maji ya Chamazi yakisimama usawa wa bomba, turubai halihitajiki bado. Bomba lifukuliwe, udongo wenye mfinyanzi urudishwe kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka lishindiliwe likiwa na unyevu, na ndoo irudi majini kabla ya kununua vifaranga.