Motokaa Kuukuu ya Petroli na Umeme

Wasomaji wetu, zama hizi si ajabu kuona motokaa ikiingia uani bila sauti, ikasimama, wala mtu asijue kuwa imefika mpaka mlango ufunguliwe. Hizo ndizo zinazoitwa haibridi, yaani motokaa zilizo na injini ya petroli pamoja na mota za umeme. Dereva akikanyaga breki, mwendo wa gari hugeuzwa umeme na kurudi katika betri kubwa. Akikanyaga mafuta, umeme ule humsaidia, na petroli ikabaki. Toyota Prius ilianza kuuzwa Japani mwezi wa Desemba 1997, na Aqua ikafuata Desemba 2011.

Nyingi katika zilizoko kwetu pwani zilikwisha kutumika huko Japani kabla ya kupakiwa melini. Kanuni ya Kenya huzuia kuingizwa motokaa iliyopita umri wa miaka 8, lakini haizuii iliyokwisha kuingia isizeeke mikononi mwetu. Basi leo nyingi zimepita kilomita 250,000, nazo ndizo zichukuazo watoto chuoni, wagonjwa hospitali na wazee harusini. Kwa hiyo tumeona yafaa tuseme machache juu ya utunzaji wake, na tuanze kwa kosa letu wenyewe.

Tulikuwa na Prius iliyokwenda kilomita 280,000 na ushei. Asubuhi moja ikawaka mbele yetu taa nyekundu ya pembetatu. Tukamwendea fundi mmoja wa kando ya njia. Akachomeka chombo chake, akabonyeza, taa ikazimika. Hakufungua chochote. Nasi, kwa kuona malipo ni madogo, tukamshukuru tukaenda zetu. Haikupita juma, tukaletewa habari ya msiba Malindi. Tukatoka Mombasa adhuhuri, watu watano, mizigo na mkeka vimeshindiliwa kiti cha nyuma. Tulipopita Kilifi, feni ikaanza kuvuma nyuma yetu kwa nguvu. Kisha taa ile ikawaka tena, na nguvu za gari zikapotea tukiwa mbele ya lori. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu tuliwahi kuingia kando. Lakini tulifika Malindi maziko yamekwisha.

Fundi wa pili alifungua. Betri kubwa ya Prius ile ina vipande 28, kila kimoja volti 7.2, vilivyofungwa mfululizo hata vikafanya volti 201.6, ile ya Aqua ina vipande 20, volti 144. Betri hiyo haipozwi kwa maji. Hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari, ivutwayo na feni kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Tundu letu lilikuwa limezibwa na mkeka, na feni imejaa vumbi na nyuzi za nguo kama sufi ya mto. Joto likaua vipande vitatu. Tukafahamu hapo kwamba taa ile haikuwa adui. Ilikuwa mjumbe, nasi tulimlipa mtu amzibe mjumbe kinywa.

Basi jambo la kwanza ni hilo: tundu la hewa ya betri lisifunikwe na khanga, wala mkoba, wala mtoto mchanga asilazwe nguo zake juu yake. Feni ifunguliwe na kusafishwa, na katika vumbi la kwetu isingojwe mpaka ilie. Na kipande kimoja kikifa, kutia kimoja kikuukuu mahali pake ni kutia kiraka kipya cha shida, kwani vilivyobaki ni rika moja na kilichokufa, navyo havikawii kukifuata.

La pili ni betri ndogo ya volti 12, ambayo katika Prius nyingi hukaa nyuma kwenye buti. Ikidhoofika, taa nyingi huwaka kwa pamoja, na mwenye gari akadhani betri kubwa imekufa. Ipimwe hiyo kwanza, kwa kuwa bei yake ni ndogo. Na akiazima umeme wa gari jingine, aangalie sana chanya na hasi. Akizigeuza, huweza kuunguza vyombo vya umeme vya thamani kubwa.

La tatu ni breki. Kwa kuwa mota za umeme hufanya sehemu kubwa ya kupunguza mwendo, pedi hukaa miaka mingi bila kwisha, na mwenye gari akajisifu. Walakini chuma kisichotumika hushika kutu, na hewa ya chumvi ya pwani huzidisha. Pedi huonekana nene, na huku pini zimeganda zisisogee. Kwa hiyo magurudumu yafunguliwe, pini zisafishwe na kupakwa grisi yake. Na pampu ya breki ikilia kila baada ya sekunde chache hali gari limesimama na mguu haupo juu ya pedali, hiyo ni dalili ya ubovu. Gari lisitoke tena mpaka litazamwe. Kubadilisha mafuta ya breki za Prius ya kizazi cha pili pia kwahitaji fundi mwenye kompyuta yake, si kila mwenye spana.

La nne ni maji ya kupoza. Motokaa hizi zina njia mbili za maji: moja ya injini, na moja ya chombo kigeuzacho umeme. Hii ya pili ina pampu yake ya umeme, na mwaka 2012 Toyota yenyewe iliita Prius nyingi za kizazi cha pili zirudi kubadilishwa pampu hiyo. Gari likiwa limewashwa, maji katika chupa yake yaonekane yakichezacheza. Yakitulia tuli, pampu imekufa. Ama katika Prius ya kizazi cha tatu, iliyotoka mwaka 2009, yatazamwe maji ya injini. Yakipungua bila kuvuja, na injini ikitetemeka inapoamka asubuhi, mara nyingi gasketi ya silinda hedi imeanza kuungua. Tena mafuta ya injini yapimwe kwa kijiti kila juma, maana injini kongwe hunywa mafuta kimyakimya.

La tano ni tairi. Ubavuni mwa kila tairi zimeandikwa tarakimu nne za mwisho: mbili za juma na mbili za mwaka. Iliyoandikwa 2317 ilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2017. Tairi yaweza kuwa na meno mazuri na huku mpira umekauka na kupasuka. Na vile vijiti vilivyomo katikati ya meno vikilingana na uso wa tairi, yamebaki milimita 1.6 tu, katika mvua za masika hiyo si tairi.

Sasa twawageukia ninyi vijana mpendao kufungua vyombo. Nyaya zote za rangi ya chungwa ni za umeme uuao. Katika Prius ya kizazi cha pili, umeme wa betri hupandishwa mpaka volti 500. Fundi ajuaye kazi yake huvaa kwanza glavu za umeme, akatoa plagi ya usalama, akangoja dakika 10 ili umeme uliohifadhiwa ndani utoweke, kisha akapima ndipo akashika. Asiyefanya hivyo msimpe gari lenu, wala msimsaidie. Tena, motokaa hii ikinyamaza haina maana kuwa imezimwa. Injini huweza kuwaka yenyewe wakati wowote. Kwa hiyo kabla ya kufungua boneti, zimeni na muweke ufunguo mbali. Na msiiache imewashwa ndani ya gereji iliyofungwa, kwani moshi wake hauonekani na huua waliolala. Na mnaporudi nyuma uani, kumbukeni kuwa watoto wachezao hawaisikii.

Tumebakiza neno moja. Baada ya mkasa wetu alitujia dalali. Akasema, "Shehe wangu, usijitie gharama. Taa hufutwa, na hesabu ya kilomita hurudishwa hata 90,000. Kesho nakuletea mnunuzi." Hatukatai kwamba tulinyamaza kwa muda, kwa sababu bei ya betri mpya ilikuwa nzito juu yetu. Mama watoto, aliyekuwa akisikia kutoka ndani, akauliza, "Na huyo atakayeinunua, yeye hana watoto?"

Dalali hakujibu, wala sisi hatukuwa na jibu. Kuficha aibu ya bidhaa twajua sote hukumu yake katika dini yetu. Lakini aibu ya motokaa hailiishi mali peke yake, huweza kula roho za watu. Gari likalala uani miezi mitano, tukapanda matatu na kuweka akiba, hata tukanunua betri kamili na kutengeneza breki. Leo yaendelea kutuchukua, na siku itakapokuwa kutu imekula chuma cha chini hata jeki isipate pa kushika, tutaivunja vipande wala hatutamwuzia mtu.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa motokaa yako ni kongwe, nenda leo hii ukatazame tundu lile karibu na kiti cha nyuma. Pengine pana khanga juu yake.