Kompyuta ya Mtumba na Gemu: Nani Anamchelewesha Nani?

Je, wajua kwamba prosesa iliyomo ndani ya baadhi ya kompyuta za mtumba zinazouzwa Luthuli jijini Nairobi, au Kariakoo jijini Dar es Salaam, iliwahi kutajwa kwa jina na watengenezaji wa Grand Theft Auto V? Kabla gemu hiyo haijaingia kwenye kompyuta Aprili 2015, kampuni ya Rockstar ilitangaza vifaa inavyovipendekeza kwa mchezaji. Upande wa Intel, prosesa iliyopendekezwa ilikuwa Core i5-3470. Ni ileile iliyofungwa kwenye mashine za ofisini kama Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, mashine zilizonunuliwa kwa ajili ya barua, mishahara na ankara.

Hata hivyo, ukiiwasha GTA V kwenye OptiPlex hiyo kama ilivyotoka ofisini, picha zitakwenda kwa kukwamakwama hadi mchezaji achoke. Prosesa haina kosa. Kazi yake ni kukokotoa mambo ya mchezo: gari liko wapi, polisi wanakimbilia upande gani, risasi imegonga nini. Kuchora yote hayo kwenye skrini ni kazi ya mwingine, na huyo ndiye asiyekuwemo katika mashine ya ofisi.

Skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600. Ili mwendo uonekane laini, mchezaji hutaka fremu 60 kila sekunde, yaani nukta zaidi ya milioni 124 kwa sekunde, na kila fremu iwe tayari ndani ya milisekunde 16.7. Core i5-3470 ina kichoraji kidogo ndani yake, HD Graphics 2500, chenye vitengo sita tu vya kukokotoa. Hakina kumbukumbu yake. Hukopa RAM ya kompyuta na kugombania njia moja na prosesa. Kwa RAM ya DDR3-1600, njia hiyo hupitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde ikiwa kijiti ni kimoja, na 25.6 vikiwa viwili vilivyochomekwa mahali pake. Linganisha na kadi ya GeForce GTX 1050 Ti, iliyotoka Oktoba 2016: ina viini vidogo 768, gigabaiti nne za kumbukumbu yake yenyewe, na njia ya gigabaiti 112 kwa sekunde.

Kwa hiyo kompyuta ya zamani haizeeki sawasawa kila mahali. Kuna sehemu moja inayosubiriwa na nyingine zote, na shilingi inayotumika kwingine hupotea bure. Mhandisi Mmarekani Gene Amdahl aliliweka jambo hili katika hoja ya kihesabu mwaka 1967: ukiharakisha sehemu moja ya kazi, faida unayopata ina mpaka, na mpaka huo huwekwa na sehemu ambazo hukuzigusa. Anayevuka kwa feri Likoni, Mombasa, anaijua kanuni hii bila kusoma hesabu, kwani barabara ya kuelekea kivukoni hata ikipanuliwa mara mbili, feri ikiwa moja foleni ni ileile.

Tuchukue mfano. Wakati kadi inachora fremu moja, prosesa huwa inaandaa inayofuata. Tuseme prosesa inahitaji milisekunde 12 kwa kila fremu, na kichoraji kinahitaji 50. Mchezaji ataona fremu 20 kwa sekunde. Akinunua prosesa yenye kasi maradufu, maandalizi yatashuka hadi milisekunde 6, lakini fremu zitabaki 20. Akiiacha prosesa ilivyo na kuweka kadi inayochora kwa milisekunde 12, atapata zaidi ya fremu 80.

Kumtambua anayechelewesha hakuhitaji fundi. Ingia kwenye mipangilio ya gemu, shusha ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, kisha cheza sehemu ileile. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyolemewa, maana umeipunguzia nukta za kuchora. Zikibaki palepale, prosesa ndiyo inayosubiriwa, kwa sababu idadi ya magari na polisi wa kukokotoa haikubadilika.

Kwa OptiPlex isiyo na kadi, jibu linajulikana kabla ya kupima. Shida huanzia kwenye kuchagua kadi yenyewe, kwani mashine ya ofisi ilisukwa kwa matumizi madogo ya umeme. Pawasaplai ya 7010 ni wati 275 kwa kasha kubwa na wati 240 kwa lile dogo, na haina waya wa ziada wa kulisha kadi nzito. Kadi italazimika kujitosheleza kwa umeme wa sloti inamochomekwa peke yake, na kanuni za PCI Express zinaweka upeo wa sloti kuwa wati 75. Ndiyo maana 1050 Ti ya wati 75, na baadaye GTX 1650 ya mwaka 2019 katika matoleo yake yasiyodai waya, zimependwa na watu wanaofufua mashine za namna hii. Kasha dogo lina sharti lingine: kadi iwe fupi, ya kimo cha nusu, la sivyo kifuniko hakifungi. Na mwenye mpango wa kubadilisha pawasaplai aangalie kwanza plagi zake. OptiPlex 9020, ya mwaka 2013, iliacha plagi kuu ya pini 24 inayotumika kote na kuweka ya pini nane, hivyo pawasaplai ya kawaida ya dukani haiingii bila kiunganishi maalumu.

Upya wa kadi nao unaweza kudanganya. Radeon RX 6400 ilitoka Januari 2022 na inakula wati 53 tu, kwa hiyo kwa macho ndiyo iliyoumbiwa kompyuta ndogo. Tatizo ni kwamba inazungumza na madabodi kupitia njia nne tu, badala ya 16 ambazo sloti inaweza kubeba, kwa kutegemea kasi ya PCI Express toleo la nne. OptiPlex 7010 inaishia toleo la tatu, ambalo kasi ya kila njia ni nusu yake. Gemu inapojaza gigabaiti nne za kadi na kuanza kuvuta data kutoka RAM, ufinyu huo unaonekana kwenye skrini.

RAM inafuata. GTA V ilipendekezewa gigabaiti 8, na mashine ya ofisi yenye 4 itakuwa ikihamishia data kwenye diski kila inapojaa. Ni afadhali vijiti viwili vya 4 kuliko kimoja cha 8, kwa sababu viwili hupanua njia ya data mara mbili, kama tulivyoona. DDR3 ya mashine hii na DDR4 iliyoifuata haziingiliani. Mkato wa kijiti umewekwa mahali tofauti makusudi, kwa hiyo kijiti kisipoingia kisilazimishwe.

Diski ngumu inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3. Hivyo kwa wastani husubiri zaidi ya milisekunde 4 ili data ifike chini ya kichwa cha kusomea, kabla hata ya kuhesabu muda wa kichwa kusogea. SSD haina kinachozunguka, na hujibu kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde au chini yake. Itafanya kompyuta iwake upesi na ramani za gemu zipakiwe upesi. Fremu kwa sekunde haitaziongeza, na muuzaji anayeahidi hivyo anauza maneno.

Wakati mwingine mchelewaji hayumo kabisa kwenye vifaa. Kwa miaka mingi wachezaji wa GTA Online, upande wa mtandaoni wa GTA V, walingoja dakika kadhaa mchezo ufunguke, wakazilaumu mashine zao. Mwaka 2021 mwanaprogramu mmoja, akitumia prosesa ya zamani ya AMD, aligundua kuwa programu ilikuwa ikisoma faili la orodha ya bidhaa, la megabaiti 10 hivi, kwa njia ya kurudiarudia isiyo na sababu, huku ikitumia kiini kimoja tu cha prosesa. Alipoirekebisha, dakika 6 zikawa chini ya 2. Rockstar ilikubali, ikasambaza marekebisho Machi mwaka huo na kumzawadia dola 10,000.

Ukishaweka kadi, RAM na SSD, zamu ya kusubiriwa inarudi kwa prosesa. Kabla ya kuibadilisha, ondoa vumbi kwenye feni na upake upya pesti ya joto iliyokauka, kwani prosesa ikipata moto hujipunguzia kasi. Baada ya hapo soketi ya 7010 inakubali hatua moja ya maana, Core i7-3770, yenye viini vinne vinavyoshika kazi nane kwa pamoja. Juu ya hiyo utahitaji madabodi mpya, na madabodi mpya itadai RAM mpya na mara nyingi pawasaplai mpya. Mfumo wa uendeshaji nao unasukuma upande huohuo: Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiziorodheshi prosesa hizi.

Kwa hiyo weka kikomo mapema. Ikiwa skrini yako ni ya hezi 60 na gemu unazozipenda zimefika fremu 60 bila kuyumba, fremu ya 61 hutaiona. Na kama hazijafika hata kwa i7-3770 na kadi ya wati 75, pesa iliyobaki usiizike humo tena. Iwe mwanzo wa mashine nyingine.