Jina Lililobaki Katika Jiwe

Kizimkazi, kusini mwa Unguja, uko msikiti wa kale sana. Wazee husimulia ya kuwa zamani alikuwako mfalme, jina lake Kizi, na mwashi wake, jina lake Kazi. Msikiti ulipokwisha, mfalme akaamuru mwashi akatwe mkono, asipate kujenga mwingine mfano wake.

Lakini ndani ya msikiti, penye mihrabu, yamo maandishi ya Kiarabu ya namna ya Kufi, yaliyochongwa kwa ustadi katika jiwe la tumbawe. Yasema ya kuwa aliyeamuru kujengwa msikiti ni Sheikh Abu Imran Musa, mwana wa Hasan, mwana wa Muhammad, siku ya Jumapili, mwezi wa Dhulkaada, mwaka 500 wa Hijra, yaani mwaka 1107. Msikiti ulijengwa upya katika karne ya 18, lakini maandishi yale yamebaki hata leo.

Mbali sana, huko Meksiko, Pakal, mfalme wa Wamaya, alirithi ufalme mwaka 615, naye ni mtoto wa miaka 12, akatawala hata alipokufa mwaka 683. Mji wake ukamezwa na msitu. Wataalamu walipojifunza kuyasoma mawe yake, ndipo habari zake zilipojulikana tena.

Basi, watoto, fikirini. Kisa cha Kizi hakitaji mwaka. Jiwe lataja hata siku. Lakini jiwe lamtaja aliyeamuru; kisa ndicho kinachomkumbuka fundi na mkono wake. Atakaye kuyajua mambo ya kale na asome jiwe, kisha awasikilize wazee.